Kibali cha Kuimba

Basi la shule lilikuwa na viti 52 na jioni hiyo tulikuwa karibu 70. Tulipakatana, ngoma zimepangwa kwenye njia ya katikati, maleba yamefungwa kwa magunia juu ya keria. Ni 2014, niko kidato cha tatu kwenye shule ya wasichana ya kutwa huku Eastlands, na tunatoka tamasha za drama, ngazi ya kaunti ndogo. Densi yetu imepita. Mchezo wetu umeanguka. Mimi kwenye mchezo huo nilikuwa na mistari minne, na siku hiyo sikusema hata mmoja.

Mistari yangu ilikatwa siku mbili kabla. Kwa miaka mingi nilidhani hayo yalikuwa mambo ya shule yetu tu, mwalimu mmoja mwenye hofu na skripti moja iliyopigwa chapa saiba. Nilipoanza kusoma historia ya jukwaa la nchi hii ndipo nikajua kuwa mistari yangu minne ilikuwa imepanga foleni nyuma ya mistari mingine mingi, na foleni yenyewe ilianza kabla mama yangu hajazaliwa.

*

Mapenzi yangu ya jukwaa yalianzia ukutani. Tuliishi orofa ya tatu kwenye ploti iliyopakana na klabu, na kila Jumapili kuanzia saa kumi alasiri kulikuwa na bendi. Redio unaweza kuizima. Bendi haizimiki. Gita la besi liliingia kwa ukuta, likatikisa vikombe kwenye kabati, likapanda kwenye kitanda cha chuma nilichokuwa nimelalia na kitabu cha Bayolojia kifuani. Kabla sijajua jina la wimbo, nilikuwa nimeshaujua kwa mbavu.

Mama alisema klabu hiyo itatuharibu. Lakini baba mdogo, aliyekuja kula kwetu kila Jumapili, yeye alifungua dirisha. Aliwahi kupiga besi kwenye bendi za hoteli na vilabu miaka ya 80, kisha akaliuza gita lake kulipa kodi ya nyumba. "Sikiza," aliniambia, "wa solo akichoka hakuna mtu atajua. Wa besi akichoka, watu wote wanakaa chini."

Huyo ndiye alinisimulia jinsi Nairobi ilivyokuwa mji wa bendi. Super Mazembe walitoka Zaire, wakapitia Zambia, wakafika hapa 1974. Les Mangelepa waliundwa hapahapa Nairobi 1976. Samba Mapangala na Orchestra Virunga wakaja baadaye, na mwanzoni mwa miaka ya 80 wimbo wao "Malako" ukawa haukosi kwenye sherehe. Waliimba Kilingala na Kiswahili, walirekodi kwenye studio zetu, na mitindo yao ikaingia kwenye vidole vya wapiga gita wetu hadi leo ukisikiliza huwezi kuchora mpaka.

Lakini kila hadithi ya baba mdogo ilikuwa inaishia mahali pamoja: vibali. Wanamuziki Wakongomani walisumbuliwa sana na suala la vibali vya kazi miaka hiyo, na bendi iliyokuwa inajaza klabu Jumamosi ingeweza kukosa nusu ya watu wake Jumatatu. "Mwanamuziki anaweza kupiga usiku kucha," alisema, "lakini asubuhi ataamkia ofisi ya mtu."

Wakati huo nilidhani ni maneno ya mzee aliyeuza gita lake.

*

Nilijiunga na klabu ya drama kidato cha kwanza. Tusidanganyane, wengi wetu tulijiunga kwa sababu ya safari: kutoka darasani, kula chipsi, kuona wavulana wa shule zingine. Na tulikuwa na mfano hai wa kumwonyesha mzazi yeyote aliyesema muziki ni kupoteza wakati. Vijana watatu wa Sauti Sol, Bien, Chimano na Savara, walikutana Upper Hill School wakiimba kwenye kikundi cha injili bila ala, kabla ya kumpata mpiga gita Polycarp. Shule ya Upper Hill iko hapa mjini, unaiendea kwa matatu. Mwaka ule wa 2014 wakatoa "Sura Yako", na hakukuwa na ukumbi wa shule ambao haukucheza lipala.

Mimi safari ilinileta, lakini kilichoniweka ni kitu kingine. Mara ya kwanza nilipopiga ngoma ya densi yetu mbele ya watu wasionijua, nilihisi kile nilichokuwa nahisi kupitia ukuta, ila sasa mimi ndiye nilikuwa upande wa pili. Kuna mtu mahali fulani alikuwa anatikisika mbavu kwa sababu yangu. Ukishaonja hiyo ukiwa na miaka 15, hesabu za makundi ya pembetatu zinakuwa ngumu kidogo.

*

Sasa turudi nyuma. Kenya National Theatre, jumba lililo mkabala na hoteli ya Norfolk, lilifunguliwa Novemba 6, 1952. Angalia tarehe hiyo vizuri. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 20, Kenyatta na wenzake walikuwa wamekamatwa, msako wa Mau Mau umeanza. Wiki mbili na ushei baadaye, serikali ya kikoloni inafungua jumba la kuigizia. Wanaosema sanaa ni starehe waende wakaulize kwa nini dola iliyo vitani ilijali hivyo kuhusu jukwaa.

Kilomita chache kutoka hapo, huko Kikuyu, Alliance High School chini ya Carey Francis ilikuwa na desturi ya kuigiza Shakespeare kila mwaka. Mwaka 1955 aliingia hapo mvulana kutoka Limuru. Alipomaliza muhula wa kwanza akarudi nyumbani, alikuta kijiji chao hakipo. Nyumba zilikuwa zimebomolewa na watu kuhamishiwa kwenye kijiji kipya cha hali ya hatari. Ebu fikiria: shuleni unaona wafalme wa Uingereza wakililia viti vyao, nyumbani unatafuta kiti cha mama yako na hukioni. Mvulana huyo alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, na kijiji kile kipya kiliitwa Kamĩrĩĩthũ. Jina hilo liweke kando, tutalihitaji.

Tamasha la drama la shule lenyewe lilianza 1959. Tamasha la muziki lilikuwa limetangulia kitambo, 1927. Mwanzoni drama ilikuwa shughuli ya shule chache, nyingi za Wazungu, na Kiingereza ndicho kilichotawala. Baada ya uhuru sura za jukwaani zilibadilika, kisha lugha, kisha hadithi zenyewe. Shule zikaacha kungoja mchezo kutoka London, walimu wakaanza kuandika. Kiswahili kikaingia, mashairi ya kusemwa na kundi yakaingia, densi za kubuni zikaingia. Leo mtoto wa shule ya msingi ya kijijini anaweza kupanda ngazi kwa ngazi, kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa, na akishinda huko akamwigizia Rais.

Hilo la mwisho ndilo lenye utamu na sumu. Rais akitazama, kuna anayelazimika kuhakikisha Rais ataona nini. Miaka ya Moi kwaya za shule na za walimu zilikuwa kila mahali, na nyimbo za sifa zilikuwa mkate wa kila siku kwenye sikukuu za taifa. Kwa hiyo usiseme serikali zetu hazipendi watoto waimbe. Zinapenda sana. Swali ni nani anaandika maneno.

*

Mwaka 1976 michezo miwili ya Wakenya ilipewa nafasi Kenya National Theatre, ikiwa inaandaliwa kwa tamasha la FESTAC huko Lagos: The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga. Nafasi zilikuwa siku chache tu, kwa sababu ukumbi wa taifa ulikuwa umeshawekewa maonyesho ya kigeni, ikiwemo baleti ya Wafaransa. Kwenye mchezo wa Kimathi, watazamaji waliungana na waigizaji kwenye wimbo wa mwisho, wakatoka nje wakiimba na kucheza. Huo wimbo wa mwisho ndio naurudia kichwani. Maneno ya mchezo yalibaki ndani ya jumba. Wimbo ndio uliotoka mlangoni.

Mwaka uliofuata, Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu pamoja na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, kilekile kijiji cha hali ya hatari. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani walirekebisha skripti, walifundisha nyimbo, walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Mchezo ulifunguliwa Oktoba 2, 1977. Novemba 16 leseni ikaondolewa. Wiki sita tu na siku chache.

Leseni, sikia. Kulikuwa na sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, iliyoandikwa kabla ya uhuru, iliyotaka uombe ruhusa kabla ya kuigiza mbele ya umma. Wakoloni waliondoka, sheria ikabaki kabatini na ufunguo wake. Hawakuhitaji kuja na marungu siku hiyo. Karatasi moja ilitosha. Desemba 31, 1977 ndipo wakaja, wakamchukua Ngũgĩ, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani.

Kundi lilijaribu tena 1982 na Maitũ Njugĩra, mchezo uliobebwa na nyimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Walinyimwa Kenya National Theatre. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, na mazoezi yao yakawa yanajaza ukumbi, watu wakija kutazama mazoezi kana kwamba ndiyo onyesho. Yakazuiwa. Machi mwaka huo jukwaa la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Kijiji kimoja, kizazi kimoja: mara ya kwanza wakoloni walibomoa nyumba, mara ya pili sisi wenyewe tukabomoa jukwaa.

Na hapa kuna kitu kidogo ambacho baba mdogo angekipenda. Mwaka uleule wa 1977, Super Mazembe walitoa "Kasongo", wimbo wa mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani. Hakuna aliyeuomba leseni ya siasa. Ulikuwa wimbo wa mapenzi wa kuchezea viatu. Karibu miaka 50 baadaye Wakenya wameuokota, wakafanya Kasongo kuwa jina la utani la Rais, na sasa ukipigwa kwenye matatu watu wazima wanacheka na kuangaliana. Wimbo haujabadilika hata noti moja. Wasikilizaji ndio wamebadilika, na wasikilizaji hawana pa kuombewa kibali.

*

Mwaka 2013, nikiwa kidato cha pili, wasichana wa Butere walipanda jukwaani na Shackles of Doom, mchezo wa Cleophas Malala kuhusu nchi ya kubuni ambamo jamii moja inanyonya mali ya nyingine. Wakuu wa elimu waliuzuia usifike taifa, wakisema unachochea chuki. Okiya Omtatah akaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru uigizwe. Kwetu habari hiyo ilipita kama umeme. Tulikuwa hatujawahi kusikia mchezo wa shule ukiwa na wakili.

Mwalimu wetu wa drama yeye hakufurahi. Alikuwa kijana, mcheshi, aliyetuandikia michezo usiku baada ya kusahihisha madaftari. Mwaka uliofuata aliandika kisa cha msichana anayefukuzwa shule kwa karo wakati pesa za basari za mtaa wao zimeliwa. Mimi nilikuwa jirani ya msichana huyo. Tukio langu moja: mheshimiwa anakuja kwenye harambee, na mimi nasimama na kumuuliza, "Mheshimiwa, hiyo pesa ya basari ilipitia njia gani? Maana kwetu haikupita." Kisha mistari mingine mitatu ya kujibizana. Kwenye mazoezi, kila nikifika hapo darasa zima lilikuwa linapasuka. Watu wa kidato cha kwanza walikuwa wanachungulia dirishani kungoja "haikupita".

Siku mbili kabla ya tamasha, mgeni alikuja na mwalimu mkuu, akakaa nyuma, akatazama. Hakupiga kelele. Alizungumza na mwalimu wetu nje kwa muda wa dakika kumi hivi. Mwalimu akarudi ameshika skripti kama mtu aliyeshika kitu cha mwenzake.

"Tukio la harambee tunalitoa," alisema.

"Lote, mwalimu?"

"Lote."

"Sasa mimi nafanya nini?"

"Wewe utapiga ngoma kwa densi. Si unapenda ngoma?"

Nilipenda ngoma. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilikubali haraka. Sikuuliza ni nani yule mgeni wala alisema nini. Nilikuwa na miaka 16, nilitaka kupanda basi, na nilipewa kitu ninachokipenda badala ya kitu nilichokuwa nacho. Sijui jina lingine la kuita hiyo zaidi ya bei.

Mchezo bila lile tukio ulikuwa kama chai bila majani. Msichana anafukuzwa, analia, anapata mfadhili, mwisho. Majaji walisema ujumbe haukujitokeza. Kweli haukujitokeza. Ulikuwa umeachwa shuleni.

*

Asubuhi ya Alhamisi, Aprili 10, 2025, nilikuwa kwenye matatu ya kwenda kazini, simu mkononi. Butere tena. Malala tena. Safari hii Echoes of War, hadithi ya ufalme wa kubuni na vijana wanaowauliza watawala maswali, chini ya mwaka mmoja baada ya vijana wa Juni 2024 kufurika barabarani. Mchezo ulikuwa umeondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaamuru wasichana waruhusiwe, wakasafirishwa hadi Nakuru. Usiku wa kuamkia onyesho, polisi wakamkamata Malala. Nje ya uwanja wa tamasha kulikuwa na askari na vitoza machozi. Ndani, wasichana waliletwa kuigiza bila mwelekezi wao, bila watazamaji.

Waliimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka.

Nilikosa stendi yangu. Nilibaki nimeketi nikifikiria wimbo huo, ambao kila Mkenya ameuimba gwaride asubuhi akiwa na usingizi. Tuni yake si ya kijeshi wala ya kanisani. Ilitolewa 1963 kwenye bembelezi la Wapokomo wa Tana, wimbo wa mama wa kumlaza mtoto. Ni wimbo pekee nchini ambao hakuna afisa anayeweza kuutaka uwasilishwe kwanza. Sijui kama wasichana hao walipanga hivyo au uliwatoka tu. Lakini walipokatwa mistari yao yote hawakuchukua ngoma waliyopewa. Walichagua wenyewe la kuimba, na walichagua wenyewe pa kuachia.

Wiki saba baadaye, Mei 28, Ngũgĩ alifariki huko Marekani. Mtandaoni watu waliweka picha za Kamĩrĩĩthũ, waliweka nukuu, serikali nayo ikatuma rambirambi. Nilimpigia baba mdogo. Hakuwa mtu wa vitabu. Akaniuliza tu, "Ni yule wa ile ngoma ya Limuru waliyovunja?" Nikamwambia ndiye. Akanyamaza kidogo, akasema zamani walipokuwa wakipiga huko Limuru, wazee walikuwa wakiomba bendi ipige nyimbo za ule mchezo. Hawakuwa wanazijua vizuri, kwa hiyo besi ndiyo ilikuwa inatangulia, na wazee wenyewe wanaimba.

*

Basi la 2014 sijalimaliza.

Tulipofika Jogoo Road kulikuwa na msongamano na giza limeingia. Mwalimu alikuwa mbele kando ya dereva, hajageuka tangu tuondoke. Nyuma kabisa, watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wameanza kupiga viti. Ilianza kama wimbo wetu wa densi, halafu mmoja wao, hata simjui jina, akabadilisha maneno.

"Hiyo pesa ya basari," akaanzisha.

"Haikupita!" wakaitikia.

"Ilipitia njia gani?"

"Haikupita!"

Basi zima likashika. Watu kwenye matatu za kando walifungua madirisha. Nilikuwa na ngoma kati ya magoti na nilingoja, nikimwangalia mwalimu kisogoni, kuona kama atasimama aseme nyamazeni. Hakusimama. Alikuwa amegeuza uso kwa dirisha, na mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kiti cha dereva, vidole vikigonga taratibu.

Nikaanza kupiga.